Koleo Likivunjika: Namna ya Kujua Kikwazo Kimegusa Nini

Mtu aliyejiwekea lengo kisha akakwama njiani hupewa ushauri wa aina mbili, mara nyingi na watu walewale. Leo ataambiwa avumilie, maana mvumilivu hula mbivu. Wiki ijayo ataambiwa aache kujitesa, maana asiyekubali kushindwa si mshindani. Kila mmoja wa ushauri huu umewaokoa watu, na kila mmoja umewaponza wengine. Shida ni kwamba hutolewa haraka mno, kabla ya swali linalopaswa kutangulia: kilichovunjika ni nini hasa?

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii hutumika kufariji, lakini ndani yake mna hoja nzito kuliko faraja. Inatenganisha vitu viwili ambavyo mtu mwenye uchungu huviona kimoja: chombo na kazi. Mhunzi aliyevunjikiwa na koleo hajapoteza ujuzi wake, wala moto, wala watu wanaosubiri majembe. Amepoteza koleo, na atatafuta jingine au atabuni namna nyingine ya kushika chuma cha moto. Lakini je, ukivunjika mkono wake? Na je, watu wakiacha kabisa kutumia majembe? Hayo ni mambo matatu tofauti, yanadai majibu matatu tofauti. Kuyachanganya ndiko kunakowafanya watu wenye uwezo waache mapema mno, au wang'ang'anie hadi wajidhuru.

Lengo halisimami peke yake

Wanasaikolojia wa Marekani Charles Carver na Michael Scheier walitumia miongo mingi kuchunguza jinsi mtu anavyojiongoza kuelekea anachokitaka. Jambo moja walilolisisitiza ni kwamba malengo yamepangana kwa ngazi. Juu iko picha ya mtu unayetaka kuwa. Chini yake yako mambo unayotenda ili uwe mtu huyo. Chini zaidi viko vitendo vidogo vya kila siku, ambavyo havina maana kubwa mpaka uvitazame pamoja na kile kilicho juu yake.

Chukua mtu anayefanya kazi mchana na kusomea uuguzi jioni. Juu kabisa anataka kuwa mtu wa kuhudumia wagonjwa, na mtu anayejitegemea. Ngazi inayofuata ni kupata cheti cha uuguzi. Chini yake kuna ratiba: madarasa ya jioni, mtihani mwishoni mwa mwaka, kumaliza ndani ya miaka mitatu. Ghafla mzazi wake anapooza, na kila jioni anahitajika nyumbani.

Ukitazama kwa utulivu, utaona kilichoguswa kwanza ni madarasa ya jioni. Huenda na ile miaka mitatu haitatosha tena. Cheti bado kinawezekana. Ama hamu ya kuhudumia wagonjwa, hiyo pengine imekua, kwa kuwa sasa anamwogesha na kumgeuza mgonjwa kitandani kwa mikono yake mwenyewe. Lakini muulize usiku ule wa kwanza naye atakwambia ndoto yake imekufa. Maumivu hayafuati ngazi. Kikwazo kilichogusa ratiba huuma kana kwamba kimegusa maisha mazima, kwa sababu tumezoea kubeba njia, tarehe, lengo na sababu yake kama furushi moja.

Kazi ya kwanza, basi, ni kulifungua furushi hilo. Je, imefungwa njia niliyokuwa nikipita, au limefungwa lengo lenyewe? Je, haiwezekani, au haiwezekani mwaka huu? Na ile sababu iliyonifanya nianze, ingali na nguvu? Maswali haya yanaonekana mepesi yakiwa kwenye karatasi. Ukiwa ndani ya tukio, si mepesi hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Lakini kwanza niseme kwamba kosa hutokea kwa upande wa pili pia. Kuna anayeziba nyufa za ratiba mwaka baada ya mwaka, akibadilisha mbinu, vitabu na walimu, ilhali kilichokufa ni sababu ya juu kabisa. Alianza kwa ajili ya kumridhisha mtu fulani, au kwa ajili ya maisha aliyoyataka akiwa kijana na sasa hayataki tena. Kwa mtu huyo kila kikwazo kidogo huonekana kizito kupita kiasi, na yeye hujilaumu kwa uvivu. Sidhani kama ni uvivu. Nadhani anakarabati ngazi ya chini ya jengo ambalo hataki tena kuishi ndani yake.

Kwa nini hutushtua ilhali hutokea daima

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya binadamu ya kukadiria muda wa kazi kwa matumaini kupita kiasi, hata pale anapojua fika kwamba kazi kama hiyo ilimchelewesha zamani. Miaka 15 baadaye, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walilipima jambo hilo kwa wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Waliwaomba wakadirie watachukua siku ngapi. Wastani wa majibu ulikuwa siku 34 hivi. Kisha wakawaomba wakadirie upya, safari hii wakichukulia kwamba kila kinachoweza kwenda mrama kimekwenda mrama. Wastani ukapanda hadi siku 49 hivi. Muda waliotumia kwa kweli ulizidi siku 55. Waliomaliza ndani ya muda wao wa kwanza hawakufika hata theluthi.

Kinachonigusa hapo ni ile siku ya 49. Wanafunzi hawa waliombwa waote ndoto mbaya, na ndoto yao mbaya ikawa fupi kuliko siku za kawaida za maisha yao. Haikuwa kwamba lilitokea janga. Yalitokea mambo madogo, na mengi.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kukaa kichwani. Tuseme mpango wako una hatua kumi, na kila hatua ina uwezekano wa asilimia 90 kwenda sawa. Ukitazama hatua moja moja, kila moja inaonekana salama. Lakini uwezekano wa zote kumi kwenda sawa ni asilimia 35 tu. Huwezi kutaja ni hatua ipi itakayokwama, ila unaweza kuwa na hakika ya kutosha kwamba mojawapo itakwama. Kwa maana hiyo kikwazo chenyewe hakijulikani, lakini kuwepo kwake kunajulikana tangu siku ya kwanza. Mtu aliyeacha nafasi ya kukwama mara mbili au tatu hana hali ya kukata tamaa, amesoma hesabu.

Dawa ambayo watafiti hawa waliipendekeza ni kutoka nje ya mpango wako mwenyewe. Badala ya kuuliza hatua zangu zinahitaji siku ngapi, uliza watu waliofanya jambo kama hili walichukua muda gani. Swali la kwanza hujibiwa na matumaini, la pili hujibiwa na kumbukumbu.

Kuna jambo jingine linalotunyima maandalizi, nalo linatajwa na wahamasishaji wengi kama fadhila: kuota mafanikio. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Ujerumani, pamoja na Thomas Wadden, waliwafuatilia wanawake waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito na kuchapisha matokeo mwaka 1991. Waliokuwa na imani kwamba wangefanikiwa walipungua zaidi. Lakini waliokuwa na ndoto tamu zaidi za mchana, wakijiona tayari wamefika na wanasifiwa, walipungua kidogo kuliko wenzao. Kuamini na kuota, kumbe, si kitu kimoja. Anayeamini bado anaiona njia na mashimo yake. Anayeota amekwisha kufika, na mwili wake umeanza kupumzika. Ndiyo maana Oettingen baadaye aliwafundisha watu kuitazama picha ya wanachokitaka na papo hapo kukitazama kile kilicho ndani yao au mbele yao kinachoweza kuwazuia.

Liwalo na liwe

Sasa kikwazo kimefika. Hatari kubwa ya siku za mwanzo haitoki kwenye kikwazo chenyewe; inatoka kwenye kile tunachokifanya baada yake. Janet Polivy na Peter Herman wa Chuo Kikuu cha Toronto walichunguza kwa miaka mingi watu wanaojinyima chakula ili wapungue. Waligundua jambo linalokwenda kinyume na akili ya kawaida. Mtu asiyejinyima, akishiba kidogo kabla ya kuketi mezani, hula kidogo. Anayejinyima, akihisi ameshavunja mwiko wake wa siku hiyo, mara nyingi hula zaidi. Hesabu yake ya ndani imekuwa: nimeshaharibu, basi liwalo na liwe.

Tabia hiyo haiko kwenye chakula pekee. Aliyepanga kuandika kila asubuhi akaugua siku nne, siku ya tano amepona lakini haandiki, kwa kuwa mfululizo umekatika. Aliyekuwa akiweka akiba akalazimika kuchota sehemu yake kwa dharura, huichota yote. Kikwazo kilichukua kidogo, na yeye akatoa kilichobaki.

Hapa utafiti mmoja unafariji kwa ukweli wake. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL jijini London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Wengi wetu tumesikia kwamba zoea hujengeka kwa siku 21. Wao walikuta kwamba kiwango cha katikati kilikuwa siku 66, na watu walitofautiana mno, kuanzia siku 18 hadi siku 254. Lakini tokeo ninalolipenda zaidi halitajwi sana: kukosa siku moja hakukuleta tofauti ya maana katika kujengeka kwa zoea. Siku moja iliyopotea ilikuwa siku moja tu. Mfululizo usiokatika una uzuri wake kwenye kalenda, ila mwili na akili havihesabu hivyo.

Kwa hiyo siku za mwanzo zina kazi mbili tu, na ni ndogo. Usiamue jambo kubwa. Na usiache kila kitu, hata kama kilichobaki mkononi ni dakika kumi. Anayesomea uuguzi, katika wiki ile ya hospitali, hawezi kusoma sura nzima na hapaswi kujilaumu kwa hilo. Anaweza kuandika barua fupi chuoni kueleza hali yake. Barua hiyo inaacha mlango wazi, na mlango ulioachwa wazi ni rahisi kuurudia kuliko ule uliofungwa kwa hasira ukabidi ubishwe tena.

Kulia nako kumo. Wapo wanaodhani kukabiliana na mabadiliko ni kuyapokea kwa tabasamu. Aliyepoteza kitu alichokijenga kwa miaka ana haki ya kukiomboleza, na akili inayoomboleza haifikiri vizuri kuhusu mwaka ujao. Ipewe muda wake.

Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968

Mfano ninaoupenda kuliko yote kuhusu ngazi za lengo ulitokea katika mji mmoja, siku moja, kwa wanariadha wawili wa Afrika Mashariki.

Kipchoge Keino wa Kenya alifika katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico akiwa na maumivu makali ya kibofu cha nyongo. Katika mbio za mita 10,000 alianguka zikiwa zimebaki raundi chache. Madaktari walimshauri asikimbie tena. Siku nne baadaye alikimbia mita 5000 akapata medali ya fedha, na tarehe 20 Oktoba akashinda dhahabu ya mita 1500 kwa kumwacha mbali Jim Ryun wa Marekani. Watu huisimulia hadithi hii kama ushindi wa roho ngumu, na roho ngumu ilikuwepo. Lakini angalia pia kwamba mbio zilizokuwa zimebaki zilikuwa fupi kuliko zile zilizomwangusha. Mita 10,000 zilikwisha kupotea. Mita 1500 zilikuwa bado.

Na hili la kubadili njia lilionekana wazi zaidi miaka minne baadaye. Katika Michezo ya Munich ya 1972, ratiba haikumruhusu kuunganisha mita 1500 na mita 5000 kama alivyozoea. Keino akajiandikisha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, mbio ambazo hakuwa na uzoefu nazo mkubwa, akashinda dhahabu. Katika mita 1500 akapata fedha. Njia ilifungwa na waandaaji wa ratiba, naye hakuishi kwa kulalamikia ratiba.

Sasa rudi Mexico, siku ileile. Kwenye marathoni alikuwepo John Stephen Akhwari wa Tanzania. Njiani alianguka akaumia vibaya goti, na bega pia likapata pigo. Wanariadha 75 walianza mbio zile. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, mguu umefungwa bandeji, akichechemea, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakujitoa, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, ilimtuma azimalize.

Jibu hilo limenukuliwa mara nyingi kama mfano wa kutokubadilika. Mimi nalisoma tofauti. Akhwari alibadilika, tena ndani ya dakika chache akiwa na maumivu. Lengo la kushindania nafasi za mbele lilikuwa limekufa pale alipoanguka, na hakujidanganya juu ya hilo. Akapanda ngazi moja juu, akauliza ametumwa kufanya nini, akakuta jibu ambalo goti halikuweza kuliharibu. Kutoka hapo akashuka na lengo jipya: kufika. Keino alibadilisha njia na kulibakiza lengo. Akhwari alibadilisha lengo na kuibakiza sababu.

Na kuna wale 18 walioanza na hawakumaliza. Hatuwasimulii. Sioni kwa nini waonekane dhaifu. Kwa baadhi yao huenda kuendelea kungemaanisha kuharibu mwili ambao wangeuhitaji kwa mbio nyingine. Mtu akishakubali kwamba lengo lina ngazi, kujitoa kwenye mbio moja kunaweza kuwa ndiyo namna ya kuwa mwaminifu kwa ukimbiaji wenyewe.

Pale kuacha kunapokuwa ndiyo busara

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, kwa sababu kuna nguvu inayotuzuia kuacha hata pale kila dalili inapotuonyesha mlango. Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walieleza jaribio lililofanyika kwenye ukumbi wa maigizo wa chuo kikuu huko Ohio. Watu waliofika kununua tiketi za msimu mzima waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walilipa bei kamili, wengine wakapunguziwa bila kutarajia. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi. Maonyesho yalikuwa yaleyale na tiketi zilikuwa zilezile. Kilichowasukuma ni pesa ambazo hata wangefanya nini zisingerudi.

Badilisha pesa hizo ziwe miaka sita ya maisha yako, au jina lako mbele ya ndugu na marafiki, na utaelewa kwa nini watu hubaki. Miaka iliyopita haiwezi kuokolewa na miaka ijayo. Kinachopaswa kupimwa ni kile kilicho mbele tu: kuanzia leo, kwa nguvu nilizo nazo leo, ningelianza jambo hili? Hili ni swali la kikatili kidogo, lakini ni la haki.

Carsten Wrosch, pamoja na Scheier, Carver na wengine, wamelichunguza jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walikuta kwamba watu wanaoweza kuachana na malengo yasiyofikika tena, na hapohapo wakapata malengo mengine yenye maana kwao, huwa na hali bora ya moyo kuliko wanaong'ang'ania. Mwaka 2007 Gregory Miller na Wrosch waliripoti utafiti kuhusu wasichana waliobalehe, waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja. Wale waliopata shida kuachana na malengo yasiyowezekana walionyesha kupanda kwa kiashiria cha uvimbe katika damu yao. Lengo lililokufa ambalo mtu hakubali kulizika hukaa mwilini.

Lakini sehemu ya pili ya matokeo ya Wrosch isisahaulike: kuachana pekee hakutoshi. Mtu aliyeacha na hakushika kitu kingine hubaki akielea. Kwa sababu hiyo siwaamini wanaotoa ushauri wa kuacha kana kwamba ni kuutua mzigo na kwenda. Anayemwambia mwenzake aache amsaidie pia kutafuta ni wapi pengine sababu yake ya juu inaweza kupata makao. Aliyetaka kuwa mwalimu na akashindwa kuingia darasani rasmi, bado anaweza kumfundisha mtu. Hiyo si zawadi ya kufutia machozi, kwani huenda kufundisha ndicho alichokitaka tangu mwanzo, na darasa rasmi lilikuwa njia.

Kupunguza bila kuondoka

Kati ya kung'ang'ania na kuacha kuna uwanja mpana ambao mijadala mingi huuruka. Wanasaikolojia Paul Baltes na Margret Baltes, waliochunguza namna watu wanavyozeeka vizuri, walipenda kutoa mfano wa mpiga piano Arthur Rubinstein. Akiwa mzee wa miaka 80, vidole vyake havikuwa na kasi ile ya ujana. Kikwazo hicho hakina tiba. Rubinstein alipunguza idadi ya nyimbo alizopiga. Hizo chache akazifanyia mazoezi zaidi. Na kabla ya sehemu zenye kasi, alipunguza mwendo kidogo makusudi, ili kasi ndogo aliyobaki nayo isikike kubwa masikioni mwa wasikilizaji.

Naona mambo matatu hapo yakifanya kazi pamoja: kuchagua, kukazia, na kufidia. La tatu ndilo lenye ubunifu. Rubinstein hakujaribu kuirudisha kasi. Aliuliza kasi ilikuwa ikifanya kazi gani katika muziki, akakuta kwamba kazi yake ni kumshtua msikilizaji, na mshtuko huo unaweza kupatikana kwa njia nyingine. Mtu yeyote aliyepunguziwa muda, afya au fedha anaweza kuuliza vivyo hivyo: kile nilichopokonywa kilikuwa kikinifanyia nini? Anayesoma uuguzi alikuwa akipata nini kwa kukaa darasani jioni? Kama ni mihadhara, inaweza kupatikana kwa maandishi au kwa mtandao. Kama ni kusukumwa na wenzake, basi atafute mwenzake mmoja wa kuulizana naye kila wiki. Asipotenganisha hayo, ataona amepoteza darasa, na darasa halina mbadala.

Kwa wenye kikwazo cha muda tu, jibu la wahenga ni fupi: kawia ufike. Tarehe nyingi tulizojiwekea hazikutoka popote. Tuliziweka kwa sababu ya umri wenye namba kamili, kama miaka thelathini au arobaini, au kwa sababu rafiki alimaliza mwaka ule. Ni muhimu kutofautisha tarehe yenye msingi, kama ya mtihani au ya uzazi, na tarehe ya fahari. Ya fahari inaweza kusogezwa bila chochote kuharibika isipokuwa fahari yenyewe.

Yanayoweza kuandaliwa mapema

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amejulikana kwa kuonyesha nguvu ya mpango wa sentensi moja yenye sehemu mbili: endapo hali fulani itatokea, basi nitafanya jambo fulani. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya mbinu hii na kukuta kwamba inawasaidia watu kufikia malengo yao kwa kiwango kisicho kidogo. Siri yake ni kwamba uamuzi hufanyika wakati akili imetulia, na siku ya kikwazo hubaki utekelezaji. "Endapo nitarudi nyumbani nimechoka, nitasoma ukurasa mmoja kabla ya kuketi." Sentensi hiyo ni dhaifu kwa sura, lakini inamnyang'anya uchovu nafasi ya kujadiliana.

Mbinu hiyohiyo inafaa kwa maamuzi makubwa, na hapa naona wengi hawaitumii. Unapoanza safari ndefu, andika mapema ni hali gani itakufanya ubadilishe njia, na ni hali gani itakufanya uache. Afya ikifika hapa. Deni likifika pale. Nikijaribu kwa miaka kadhaa bila dalili hii wala ile. Mtu akiandika hayo akiwa na furaha ya mwanzo, hajui bado atapenda kiasi gani au ataogopa kiasi gani, na kutojua huko ndiko kunakompa haki ya kuamua. Baadaye, katikati ya dhoruba, atakuwa na kitu cha kushauriana nacho kisicho hofu yake wala kiburi chake.

Kuna kikomo cha haya yote, na ni lazima kisemwe wazi. Vikwazo havigawiwi sawa. Mwenye akiba, afya na watu wa kumsaidia huanguka kwenye godoro. Asiye navyo huanguka sakafuni, na kumwambia kwamba siri iko kwenye mtazamo ni kumwonea. Kwa mtu huyo, kubadili njia mara nyingi si suala la kufikiri vizuri zaidi, ni suala la mtu mwingine kumshikia mtoto jioni mbili kwa wiki, chuo kumruhusu kuahirisha muhula bila adhabu, au mwajiri kumbadilishia zamu. Anayetaka kweli kumsaidia aliyekwama aanze hapo. Amuulize ni kipi hasa kimeguswa, asikilize jibu mpaka mwisho, kisha aone kama kuna sehemu ya njia ambayo yeye, msikilizaji, anaweza kuifungua kwa mikono yake.